Bastola ya Marehemu na Fungu la Mjane

Msimamizi wa mirathi anapoketi na warithi kuorodhesha mali aliyoacha marehemu, mambo mengi huenda kwa wepesi. Shamba la chai lina mipaka inayojulikana, miparachichi inahesabika, ng'ombe wa maziwa wana bei yao mnadani, na chumba cha duka mjini Tukuyu kina mpangaji anayelipa kodi kila mwezi. Watu hukadiria, hubishana kidogo, kisha hukubaliana. Ugumu huanza pale linapofunguliwa sanduku la chini ya kitanda na kutolewa humo kitu ambacho hakuna hata mmoja katika kikao anayejua thamani yake: bastola ya zamani, ingali ndani ya boksi lake la kiwandani, imeviringishwa karatasi ya mafuta, na kila anayeitazama anasema haikupata kutumika.

Hapo ndipo kila mtu huwa mthamini. Mmoja husema ni chuma kikuukuu kisicho na faida. Mwingine, kijana mwenye simu ya kisasa, huonyesha picha ya bastola inayofanana nayo iliyouzwa Marekani kwa maelfu ya dola, akazidisha kwa shilingi, na papo hapo kikao kizima kikabadilika sura. Tumeona kuwa jambo hili linastahili kuelezwa kwa urefu, kwa sababu kosa katika kuithamini silaha hiyo huangukia haki ya mtu, na mara nyingi mtu huyo ni mjane au mtoto wa kike.

Ndugu msomaji asidhani kuwa tunazungumzia jambo la kubuni tu lisiloweza kutokea Rungwe. Tukuyu ilikuwa kituo cha utawala wa Wajerumani, wakikiita Neu-Langenburg, baada ya kuhama kutoka Langenburg ya zamani kwenye mwambao wa Ziwa Nyasa mwanzoni mwa karne iliyopita. Boma lao lilijengwa hapo. Mwezi Mei 1916 majeshi ya Waingereza chini ya Jenerali Northey yalivuka mpaka kutoka upande wa Nyasaland na Rhodesia ya Kaskazini, yakauteka mji huo. Wajerumani wakaondoka, kisha baadhi yao wakarudi katika miaka ya 1920 wakiwa walowezi na wakulima, na vita vya pili vilipoanza Septemba 1939 Waingereza wakawakamata na kuwaweka kizuizini. Baada yao wakaja mabwana mashamba, wawindaji na maofisa wa Kiingereza, nao wakaondoka baada ya Uhuru. Watu wanaohama kwa namna hiyo, wengine kwa haraka ya usiku mmoja, huacha vitu nyuma: saa, darubini, cherehani, na silaha.

Swali la kwanza, basi, si bei. Swali la kwanza ni kama bastola hiyo ilikuwa mali ya marehemu. Ikiwa babu alikuwa mpishi au nyapara wa mlowezi, na mlowezi yule akamwambia amtunzie mpaka atakaporudi, hiyo ni amana, na amana haigeuki kuwa mirathi kwa sababu tu mwenyewe hakurudi. Warithi hawana fungu ndani yake, na wajibu unaobaki ni kumtafuta mwenyewe au warithi wake kwa kadiri inavyowezekana. Ikiwa alipewa zawadi au aliinunua, hapo tunaweza kuendelea.

Swali la pili ni la leseni, na hili ndilo linaloamua mengi kuliko watu wanavyodhani. Tanzania silaha za moto zinasimamiwa na Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi Na. 2 ya mwaka 2015, iliyochukua nafasi ya sheria ya mwaka 1991. Leseni ya kumiliki silaha ni ya mtu, si ya familia, na wala hairithiwi. Mwenye leseni anapofariki, silaha inapaswa kukabidhiwa polisi, na mrithi anayetaka kuimiliki huanza maombi yake mwenyewe, yanayopita katika uongozi wa kijiji au mtaa, kata, kamati ya ulinzi na usalama ya wilaya, na kuendelea juu. Anaweza kukubaliwa, anaweza kukataliwa. Mwaka 2016 lilifanyika zoezi la kuhakiki silaha nchi nzima, na aliyekuwa na silaha halali wakati ule angepaswa kuwa na kumbukumbu ya uhakiki huo. Kwa hiyo karatasi za marehemu zitafutwe kwa bidii kabla ya kuzungumzia dola.

Ikiwa leseni haikuwapo kabisa, silaha hiyo inashikiliwa kinyume cha sheria tangu siku ya kwanza, na kila siku inayokaa nyumbani baada ya msiba ni hatari kwa yule aliyebaki na ufunguo wa sanduku. Naye kwa kawaida ni mama. Serikali imekuwa ikitangaza mara kwa mara vipindi vya kusalimisha silaha kwa hiari bila mwenye nayo kushitakiwa. Nje ya vipindi hivyo, busara ni kupitia kwa viongozi wa mtaa, au wakili kwa anayemudu, na kutoa taarifa kituoni kwanza ili askari waifuate silaha nyumbani, badala ya kuibeba kwenye kikapu cha ndizi hadi kituo cha polisi. Bei ya silaha ya namna hiyo katika hesabu ya mirathi ni sifuri. Neno hilo huwauma vijana, lakini hakuna njia ya kulizunguka: kisichoweza kuuzwa kwa halali hakina bei ya halali.

Wapo wanaonong'ona kuwa mpaka wa Kasumulu uko karibu na kwamba upande wa pili wapo wanunuzi. Hatutaliendeleza hilo zaidi ya kusema kuwa fedha itakayopatikana kwa njia hiyo haiwezi kuingizwa katika fungu la yatima kwa dhamiri safi, na atakayekamatwa njiani hataulizwa kama bastola ilikuwa ya kale au mpya.

Na kwa kuwa hoja ya ukale hutajwa sana, tuieleze. Nchini Marekani sheria ya mwaka 1968 iliziondoa katika masharti mengi ya serikali kuu silaha zilizotengenezwa mwaka 1898 au kabla yake, na ndiyo maana kule mtu hununua bastola ya karne ya kumi na tisa kwa wepesi. Kijana anayesoma habari hizo kwenye simu hudhani kuwa ukale ni kinga popote. Kwetu sivyo. Sheria yetu ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 inautumia mwaka 1863 kuwa mpaka wa vitu vinavyohesabika kuwa masalia ya kale kwa umri wake, na bastola iliyotengenezwa 1908 au 1915 haifiki huko. Kwa polisi wa Tukuyu, hiyo ni bastola.

Tuseme sasa kwamba marehemu alikuwa na leseni, karatasi zipo, na silaha imekabidhiwa polisi kwa stakabadhi. Bado msimamizi anatakiwa kuiandika kwa thamani fulani. Ataipataje?

Wakusanyaji wa silaha za kale wana utaratibu wao, na unafaa kujulikana hata na asiyependa silaha. Kwanza hutambua ni kitu gani hasa. Bastola iitwayo Luger, ambayo jeshi la Ujerumani liliipitisha mwaka 1908, si sawa na Webley ya Birmingham ambayo jeshi la Uingereza lilianza kuitumia kwa muundo wake wa sita mwaka 1915, wala si sawa na Browning ndogo ya mfukoni iliyotengenezwa Ubelgiji tangu mwaka 1906 na kuuzwa kwa wingi kwa raia. Alama zilizogongwa juu ya chuma hueleza kiwanda, mwaka, na kama silaha ilikuwa ya jeshi au ya biashara. Luger ya jeshi ina namba zilizogongwa hata kwenye vipande vidogo, na zote zikiwiana bei hupanda. Kipande kimoja kikiwa na namba ngeni, bei hushuka. Kasha la risasi lenye namba moja na bastola yake ni kitu adimu, kwa kuwa vitani makasha yalibadilishana mikono.

Kisha huja hali yake, na hapa ndipo neno "haijatumika" linapopimwa. Kwa kweli hakuna bastola ya zama zile iliyotoka kiwandani bila kufyatuliwa hata mara moja. Ujerumani na Uingereza zilikuwa na sheria iliyolazimu silaha za biashara kupigwa risasi ya majaribio yenye nguvu kupita kawaida, ndipo igongwe muhuri wa kuwa imefaulu, na jeshi nalo lilikuwa na majaribio na mihuri yake. Mjuzi anaposema haijatumika anamaanisha haikutumika baada ya hapo. Huitazama ndani ya mtutu kama michirizi yake ingali mikali na inang'aa. Hutazama uso wa chuma unaokutana na kitako cha risasi kama una alama ya mviringo. Katika bastola ya silinda huangalia mstari mwembamba unaochorwa kuizunguka silinda inapogeuzwa mara nyingi. Kisha huhesabu ni kiasi gani cha ile rangi nyeusi yenye ubuluu ya kiwandani kimebaki, na tofauti kati ya asilimia 98 na asilimia 80 inaweza kuwa tofauti kubwa ya fedha.

Boksi la asili, karatasi ya maelekezo, fimbo ya kusafishia, kasha la akiba: vyote hivi warithi huvitupa kwa kuviona takataka, na vyote huongeza bei. Wakati mwingine boksi la karatasi ni adimu kuliko bastola yenyewe, kwa sababu watu walitunza chuma wakatupa karatasi.

Adui mkubwa wa silaha katika nchi yetu ya Rungwe ni mvua. Tukuyu ni miongoni mwa sehemu zinazopata mvua nyingi zaidi Tanzania, zaidi ya milimita 2,000 kwa mwaka, na ukungu wa mlimani huingia hadi ndani ya masanduku. Bastola iliyofungwa ndani ya mfuko wake wa ngozi huharibika upesi kuliko iliyoachwa kwenye karatasi ya mafuta, kwa sababu ngozi hunyonya unyevu na dawa zilizotumika kuilainisha hula chuma. Ukisikia kwamba silaha imekaa miaka 60 ndani ya mfuko wa ngozi hapa Tukuyu na haina doa, tilia shaka ama miaka hiyo ama mfuko huo.

Basi mtu huona doa la kutu akachukua msasa. Hili ni jambo la kusikitisha kuliko yote. Bastola iliyosuguliwa ikang'aa kama kijiko, au iliyopakwa rangi upya na fundi, huweza kupoteza nusu ya bei yake au zaidi machoni pa mkusanyaji, ambaye hutaka chuma na rangi ileile ya kiwandani hata ikiwa imefifia. Na kabla ya bei kuna roho za watu. Mtu asiifungue bastola kikaoni ili kuwaonyesha wengine, wala asiijaribu risasi zilizokutwa nayo. Kutoa kasha la risasi hakutoshi, kwa kuwa risasi moja huweza kubaki ndani ya mtutu. Mtume (SAW) alikataza mtu kumwelekezea nduguye silaha hata kwa mzaha, na vikao vya mirathi, kama tunavyojua, si vyote vyenye mzaha.

Jambo la mwisho katika hesabu ya wakusanyaji ni historia, na historia inaweza kushinda hali. Mwezi Juni 2019 jijini Paris iliuzwa bastola ndogo ya Lefaucheux iliyoliwa na kutu kiasi cha kutofaa kitu, kwa euro 162,500, kwa sababu inaaminika kuwa ndiyo aliyojipiga nayo mchoraji Vincent van Gogh. Ilikutwa shambani na mkulima yapata mwaka 1960. Mwezi Agosti 2021 huko Los Angeles, Colt aliyotumia afisa Pat Garrett kumuua Billy the Kid mwaka 1881 ilipata zaidi ya dola milioni 6. Si chuma kilichonunuliwa hapo. Luger ya kawaida ya jeshi, isiyo na jina la mtu, kwa kawaida huuzwa Marekani kwa dola elfu moja na kitu hadi elfu chache. Na hadithi ya familia kwamba "hii ilikuwa ya jenerali" haiongezi hata senti ikiwa hakuna barua, jina lililochongwa, au kumbukumbu ya maandishi.

Hata hiyo bei ya Marekani isomwe kwa makini. Bei iliyoandikwa dukani ni matumaini ya muuzaji; bei ya kweli ni ile iliyolipwa. Katika mnada, mnunuzi huongeza ada yake juu, na muuzaji hukatwa ada yake chini, hivyo kinachomfikia mwenye mali ni pungufu ya kinachotangazwa. Mfanyabiashara naye hununua kwa bei ya chini kuliko atakayouzia, la sivyo asingefungua duka. Kisha kuna vibali vya kuitoa nchini na vibali vya kuiingiza huko, ambavyo mrithi wa kijijini Rungwe hana njia ya kuvifuatilia.

Kwa hiyo soko lake la kweli liko hapa nchini: mtu mwenye ruhusa ya kumiliki, au mfanyabiashara wa silaha aliyesajiliwa, tena kwa idhini ya mamlaka. Watu hao ni wachache. Nao wengi wanatafuta silaha ya kulindia duka au shamba, yenye risasi zinazopatikana. Bastola ya mwaka 1915 inayohitaji risasi ambazo hazipatikani kwa urahisi haiwafai, hata ikiwa mpya kama jana. Sifa ileile inayompendeza mkusanyaji wa ng'ambo haina maana kwa mnunuzi wa Mbeya. Wanazuoni wa fiqhi wanapozungumzia thamani ya mfano, wanamaanisha bei ambayo kitu kama hicho kingepata mahali pale na wakati ule, si mahali pengine ambako hakiwezi kufika.

Sasa tufanye hesabu ili ubaya wa kosa uonekane. Tuchukue mfano wa marehemu aliyeacha mke, mtoto mmoja wa kiume na wawili wa kike. Mazishi yamelipwa, madeni yamelipwa, hakuna wasia. Mali nyingine zote zimethaminiwa shilingi 28,000,000. Kijana mwenye simu anasema bastola ina thamani ya 4,000,000, na hakuna anayembishia. Jumla inakuwa 32,000,000. Kwa mujibu wa Surat An-Nisaa, aya ya 11 na ya 12, mke mwenye watoto wa mume hupata thumuni, na kinachobaki hugawanywa kwa watoto, wa kiume akipata mara mbili ya wa kike. Thumuni ya 32,000,000 ni 4,000,000 kamili. Mtu anasema, kwa sauti ya upole kabisa: mama yetu achukue bastola ya mzee, ni kumbukumbu yake, nasi tuchukue shamba. Mama anakubali. Kijana anapata 14,000,000 na kila binti 7,000,000.

Miezi inapita. Mama hana leseni wala hataki. Mnunuzi hakupatikana. Alichonacho ni stakabadhi ya polisi. Kama bastola isingehesabiwa, fungu lake lingekuwa 3,500,000 katika shamba na ng'ombe, vitu vinavyotoa maziwa na chai. Kijana angepata 12,250,000 na kila binti 6,125,000. Shilingi 1,750,000 za mama zimekwenda kwa mwana, na 875,000 kwa kila binti, bila mtu yeyote kuiba na bila kikao kupaza sauti.

Kinyume chake pia hutokea: bastola inaitwa chuma kikuukuu, mmoja anajitolea "kuishughulikia", na baadaye anaiuza peke yake kwa mwenye kibali. Huyo amekula fungu la wenzake.

Warithi wanaweza kukubaliana mmoja achukue kitu fulani na kutoka katika mali nyingine. Mapatano hayo yanajulikana katika fiqhi kwa jina la takharuj. Lakini ni mapatano ya watu wazima wanaojua wanachopokea. Mtoto mdogo hawezi kutolewa fungu lake kwa njia ya hisani, wala mlezi wake hana haki ya kulitoa. Hivyo hata wazo zuri la kuikabidhi silaha kwa Makumbusho ya Taifa, ambalo sisi tunalipenda, linahitaji ridhaa ya kila mrithi mzima katika sehemu yake.

Zaka haihusiki hapa: kitu kilichowekwa bila nia ya biashara hakitolewi zaka, ingawa mfanyabiashara wa silaha hutoa asilimia 2.5 ya thamani ya bidhaa zake kila mwaka zikifika kiwango.

Njia tunayoiona kuwa salama kwa familia ya mfano wetu ni kuitenga bastola. Zigawanywe kwanza zile 28,000,000, mama apate 3,500,000 zake katika kitu kinachoonekana. Bastola ibaki kwa polisi ikiwa mali ya ushirika wa warithi wote, iandikwe hivyo katika orodha inayopelekwa Mahakama ya Mwanzo, pamoja na namba yake, alama zake, boksi lake na namba ya stakabadhi. Msimamizi atafute mnunuzi kwa njia halali bila haraka. Akipatikana baada ya mwaka au miwili, na baada ya kuondoa gharama zikabaki, tuseme, shilingi 1,600,000, mama atapata 200,000, kijana 700,000, na kila binti 350,000.